Naomba ushauri: paa la bati na upepo wa kabla ya mvua, Dodoma

Wakuu, habari zenu. Naishi Nzuguni na mama yangu mzee na watoto wadogo. Nyumba ni ya tofali za kuchoma, bati za unene wa geji 30. Mvua za mwanzo zikikaribia, upepo hutangulia na vumbi zito. Bati za upande wa mashariki zinapiga kelele, misumari imechomoka, na papi moja (mbao inayopigiliwa bati) inacheza ukiishika. Fundi mmoja anashauri kupanga mawe juu. Sikubali kabisa: jiwe likirushwa linaua mtu. Mwingine anataka kufunga kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) kwenye linta (mkanda wa zege juu ya ukuta) kwa waya wa kufungia nondo. Je, waya unatosha, au lazima tufumue bati? Na upepo ukitukuta usiku, mama hatembei vizuri, tukae chumba gani? Tafadhali nisaidieni, Novemba inakaribia.