Warsha za tamasha la flamenko la Jerez: je, mwanafunzi anayeanza anafaa kwenda?

Muulizaji:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaishi Ujerumani na ninajifunza densi ya flamenko katika darasa la jioni. Ninakusudia kwenda Jerez de la Frontera, kusini mwa Hispania, kwenye tamasha linalofanyika kila mwaka kati ya mwisho wa Februari na Machi, ambalo pamoja na maonyesho huwa na warsha zinazofundishwa na wasanii wenyewe. Miguu yangu imeanza kuzoea hatua, lakini gitaa likiingia bila mwalimu kuhesabu kwa sauti, ninapotea. Je, nijiandikishe sasa au nisubiri niive kwanza?

Mchangiaji wa kwanza:
Usisubiri, ndugu yangu. Tangu tamasha hilo lilipoanzishwa mwaka 1997, warsha zimekuwa uti wa mgongo wake sambamba na maonyesho ya Teatro Villamarta, ukumbi wa maonyesho wa mji huo, na hupangwa kwa ngazi, hivyo wanaoanza nao wana nafasi yao. Hata hivyo, kwa maelezo yako, tatizo haliko miguuni bali katika compás, yaani mzunguko wa mapigo. Solea na buleria, aina mbili za flamenko, huenda kwa mapigo 12, na katika solea mkazo huangukia la 3, la 6, la 8, la 10 na la 12, kwa hiyo anayehesabu nne nne lazima apotee. Ningekushauri utafute kwanza darasa la kupiga makofi. Makofi mazito hupigwa kwa viganja vilivyokunjwa kidogo kama kikombe ili sauti yake isimfunike mwimbaji, na yale makali hupigwa kwa vidole vya mkono mmoja juu ya kiganja cha mwingine. Ukiweza kuushikilia mzunguko kwa mikono huku mwenzako akicheza, miguu itafuata yenyewe.

Mchangiaji wa pili:
Nakubaliana na aliyetangulia kuhusu makofi, ila nisingependa dada au kaka yetu arudi Ujerumani bila kucheza. Jerez ni mji wa buleria, na mitaa yake ya Santiago na San Miguel imetoa koo nzima za waimbaji na wapiga gitaa wa Kigitano, yaani Waroma wa Hispania. Pale buleria huchezwa kwa ufupi, mtu mmoja mmoja akijitokeza katikati ya duara, na kinachotazamwa si wingi wa hatua bali namna mchezaji anavyomsikiliza mwimbaji, akangoja beti liishe, akaitikia, kisha akaondoka kwa wakati wake. Jioni nenda kwenye peña, yaani vilabu vya wapenzi wa flamenko, ambako utakaa karibu na mwimbaji kiasi cha kumsikia akivuta pumzi. Kwangu mimi hilo lina uzito sawa na darasa lenyewe.

Muulizaji:
Nawashukuru sana. Nitachukua makofi na buleria ya wanaoanza. Je, viatu ninunue huko huko?

Mchangiaji wa kwanza:
Nenda na vile ulivyokwisha kuvizoea. Viatu vya flamenko vina misumari midogo kwenye ncha na kisiginoni, na vikiwa vipya hubana. Saa kadhaa za mazoezi kila siku zitakuchubua vidole kabla wiki haijafika katikati. Jiandikishe mapema pia, kwa sababu madarasa ya walimu mashuhuri hujaa haraka.