Majani ya maharagi yameliwa na wadudu: nipime vipi kwa ImageJ?

KijanaWaKadutu: Salama wakubwa. Niko naandaa TFC (kazi ya kumaliza masomo) ya agronomia hapa Bukavu, juu ya maharagi ya Kabare. Mende wa majani (Ootheca) wanayatoboa, mengine yameliwa pembeni. Mwalimu anayenisimamia hataki tena kukadiria kwa macho, anataka asilimia. Nina ImageJ, programu ya kompyuta ya kupima picha, lakini kwa picha za telefone hata jani zima linaonekana limeliwa!

YayaAgro: Mudogo, shida iko kwenye picha. Jani liking'aa, programu inaona pale peupe kama tundu. Peleka majani kwa watu wa fotokopi wayaskani kwa rangi, dpi 300. Kisha geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, jani likiwa jeusi, pima eneo mara mbili: kwanza "Include holes" (hesabu na matundu) ikiwa na alama, halafu bila alama. Tofauti ndiyo iliyoliwa. Igawanye kwa lile eneo kubwa. Rula weka kama unataka na cm². Kwa asilimia, pikseli zinatosha.

DuduLubumbashi: Hiyo ni matundu ya katikati tu. Palipoliwa pembeni, programu inadhani ndio ukingo wenyewe. Lazima uuchore. Na angalia: jani la haragi lina vijijani vitatu. Cha katikati pande zake zinalingana, vile viwili vya kando hapana. Cha kushoto kifananishe na cha kulia, ukikigeuza kama kwenye kioo. Mtu mmoja achore yote, maana kila mkono unakisia kivyake. Kwenye telefone za Android kuna programu BioLeaf ya Wabrazili, inasaidia kuchora ukingo.

MamaWalungu: Mimi ni mkulima tu, mnisamehe. Jani lililoliwa lote mnalipiga picha namna gani? Kwangu kinabaki kikonyo.

DuduLubumbashi: Mama, hapo umetushika wote. Ukiskani yaliyobaki tu, shamba lililoliwa zaidi litaonekana lina afya. Kijana, chagua mimea kwanza, ndipo uchume. Kila kikonyo kitupu kiandike 100%, kwenye safu yake. Jani lililozeeka likaanguka na kikonyo chake, hilo liache.

KijanaWaKadutu: Aksanti sana Mama, vikonyo sikuwa nimeviwaza. Na madoa ya kutu, yanaingia?

YayaAgro: Hapana, kutu ni ugonjwa na jani bado liko pale. Sogeza kiwango cha mwanga mpaka madoa yahesabiwe kama jani. Yakikataa, yapake nyeusi kwa mkono kabla ya kupima.