Virusi toka 180,000 hadi 400 ndani ya wiki 4, dawa imemkubali?

binti_tanga:
Wakuu habari zenu, naomba msaada hasa mliosomea haya mambo. Mdogo wangu kaanza TLD juzijuzi (kidonge cha VVU chenye dolutegravir na dawa nyingine mbili), kabla hajaanza kipimo cha wingi wa virusi kilisoma 180,000, sasa wiki ya 4 kapima maabara ya kulipia kikasoma 400. Kanyong'onyea kabisa, anasema mwenzie aliambiwa havionekani sasa kwake mbona vipo, hata kula hataki. Hiyo namba inatosha kujua dawa inafanya kazi ama tusubiri kipimo cha miezi 6 cha CTC (kliniki ya VVU)?

maabara_moro:
Dada mwambie ale. Hapo kwenye kila virusi 450 kimebaki kimoja, ni zaidi ya logi 2 na nusu (kila logi moja ni kupungua mara 10), na kwa dolutegravir wiki ya 4 ndo mshuko tunaoutegemea. Mwanzoni vinaporomoka kwa sababu seli zinazovizalisha kwa wingi zinakufa haraka, nusu yake zinaisha ndani ya siku moja mpaka mbili, watafiti kina David Ho na Perelson walishaonyesha hilo Marekani 1995 na 1996. Zinabaki zile zinazoishi muda mrefu, hizo zinaisha taratibu wiki kwa wiki. Usiangalie ilipofika tu, angalia ilipotoka.

mzee_wa_hoja:
Kwahiyo dawa inayoshusha haraka ndo kali zaidi?

famasia_kgm:
Mkuu hapo pana mtego. Ukilinganisha dozi za dawa ileile, ni kweli, dolutegravir ilijaribiwa siku 10 peke yake na miligramu 50 ilishusha kuliko dozi ndogo, kama logi 2.5. Ila kwa dawa tofauti za VVU, raltegravir ilishusha haraka kuliko efavirenz na wiki ya 48 zikakutwa karibu sawa, maana efavirenz inakaba hatua ya mapema, kirusi kilichoshapita hatua hiyo kinaendelea kuzalisha, wakati raltegravir na dolutegravir zinakisubiri mbele pale kinapotaka kujichomeka kwenye DNA ya seli. Kasi inaonyesha pia dawa inakaba wapi, sio ukali peke yake.

binti_tanga:
Asanteni sana jamani, nimepumua. Ila usiku anatafuna vidonge vya kiungulia pamoja na TLD, kuna shida?

famasia_kgm:
Ipo dada, magnesiamu na alumini zinaishika dolutegravir tumboni isinyonywe vizuri. Ameze TLD masaa 2 kabla ya hivyo vidonge au masaa 6 baada, awaambie na CTC, na kile cha miezi 6 asikiruke.