Kutoka uinjinia kwenda kufundisha hesabu, hapa Houston

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Kampuni imepunguza watu na mimi nimo. Nimekuwa injinia wa mabomba ya mafuta hapa Houston miaka saba, shahada yangu ni ya Mlimani. Nataka kufundisha hesabu sekondari. Aliyepita njia hii, naanzia wapi?

Mdogo wenu, mji wa Katy, kando ya Houston

---

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa kazi. Njia hiyo nimeipita. Huu ni mwaka wangu wa sita darasani.

Anza na Mlimani leo leo, maana hapo ndipo panapochelewesha. Transkripti lazima ipitie kwa wakala wa tathmini anayetambuliwa na TEA, idara ya elimu ya Texas, na uombe tathmini ya somo kwa somo, si ile ya jumla. Programu za kuandaa walimu zinatazama wastani wa alama (GPA) wa 2.5 na yuniti 15 za hesabu. Hesabu tulizosoma uinjinia zinatosha, ila zionekane kwenye karatasi.

Kisha jiunge na programu ya kuandaa walimu kwa wenye shahada tayari, ufanye mtihani wa walimu wa Texas, TExES, wa hesabu za darasa la 7–12, namba 235: maswali 100, saa tano, kupita ni alama 240. Usiudharau kwa kuwa umesoma kalkulasi. Kuna sehemu nzima inayouliza mtoto hujifunzaje hesabu, na ukifeli unaruhusiwa kurudia mara nne tu. Ukishapita na kupata shule, unapewa cheti cha mwaka mmoja. Unafundisha kwa mshahara huku ukisimamiwa.

Sasa jambo ambalo hukuuliza. Wilaya nyingi za shule Texas hazikati Social Security, ile pensheni ya serikali kuu. Zinakata asilimia 8.25 ya mshahara kwa ajili ya pensheni ya walimu, TRS. Ili ulipwe Social Security uzeeni unahitaji krediti 40, yaani kama miaka 10 ya kazi, na wewe una saba. Kabla hujasaini mkataba, uliza wilaya hiyo inakata nini. Mimi sikuuliza, na hadi leo wikiendi nafanya vibarua vya kuchora ramani za mabomba ili nimalizie krediti zangu.

Na darasani kwenyewe. Wiki ya tatu niliandika -3x > 12 ubaoni, nikagawanya, nikageuza alama, nikaendelea. Binti mmoja wa nyuma akauliza, "Imegeuka kwa nini?" Nikamjibu ndiyo kanuni. Akaweka kalamu chini, hakuishika tena mpaka kengele. Usiku ule usingizi haukuja, kwa sababu nami sikuwahi kujiuliza.

Kesho yake nikabandika mstari wa namba sakafuni kwa utepe, nikamsimamisha yeye kwenye 5 na mwenzake kwenye 2. Nani mkubwa? Yeye. Haya, kila mmoja aende kwenye hasi yake. Akahesabu hatua, akavuka sifuri, akampita mwenzake, akasimama kwenye hasi 5. Akageuka kutazama. "Kumbe tumepishana," akasema, akarudi kwenye kiti akachukua kalamu.

Kazi yenyewe ndiyo hiyo, siku nzima, vipindi sita. Kabla hujalipa ada ya programu yoyote, nenda kashike nafasi za walimu wasiokuwepo kwa wiki chache, ujione ukiwa mbele ya watoto thelathini.

Kaka yako, Houston

---

Niongeze kwa ndugu zetu wa Kongo. Mume wangu alisoma Lubumbashi kwa Kifaransa. Karatasi zake zilitakiwa zitafsiriwe kwanza, kisha akafanya TOEFL, mtihani wa Kiingereza. Tengeni fedha na miezi ya hayo mapema. Sisi yalitukosesha mwaka mzima wa shule.

Dada yenu, Houston

---

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimeingia kwenye akaunti yangu ya Social Security usiku huu: krediti 28. Kesho naanza kupigia wilaya simu, moja baada ya nyingine. Na kaka, utepe huo ulitumia wa rangi gani? Binti yangu yuko darasa la saba, nataka nianze naye sebuleni.