Tupeane uzoefu: nani alikufungua macho kuhusu kutunza maji na ardhi huku Dodoma?

Hombolo Kwetu: Wakuu, poleni na jua. Kijana wangu wa darasa la nne yuko klabu ya mazingira shuleni. Juzi karudi na chupa mbili za plastiki zilizolazwa na kukatwa ubavu. Moja ina udongo mtupu, nyingine udongo na majani yake. Akamimina kikombe kimoja kimoja. Ya kwanza maji yalitoka mbio, rangi ya chai ya maziwa. Ya pili yakachelewa, kisha yakadondoka taratibu, masafi. Akaniuliza, "Baba, uwanja wetu ni chupa ipi?" Nikakosa jibu. Mama watoto anafagia mpaka kokoto zinang'aa, na tope letu lote linaishia bwawa la Hombolo, bwawa lenyewe la tangu 1957. Nyie wenzangu mlijifunzaje?

Binti Chamwino: Mimi kisiki hai, yaani kukuza mti upya kutoka kwenye kisiki chake. Tulifundishwa shambani kabisa, si ukumbini: unatafuta kisiki kinachochipua, unaacha machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine unapogoa, unafunga kitambaa kama alama. Ujuaji wangu ukaniponza, nikaacha moja moja ili yakue haraka. Mbuzi wa jirani walipita asubuhi moja tu, kwisha habari. Bibi mmoja naye aliona vile vitambaa vyekundu akauliza kama nimeagua shamba. 😂 Mwaka uliofuata niliacha matatu, na sasa mkambala mmoja umenipita kimo.

Mrangi wa Kondoa: Kwetu somo lilikuwa chungu. HADO, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa eneo lote lililomomonyoka. Babu aliswaga ng'ombe wake mbali na hakusamehe mpaka anaingia kaburini. Ila korongo alilokuwa akituonyesha, ambalo ng'ombe akitumbukia hatoki, leo lina nyasi na miti kingo zote. Nikipita pale sijui nimlilie babu au nifurahi.

Dereva Tipa: Mimi nabeba mchanga wa mtoni, mnichape tu. Siku moja nilikuta mama na ndoo yake kwenye kisima cha mchangani. Kanionyesha kwa mkono: mwaka juzi maji yalikuwa kiunoni, sasa kachimba mpaka kichwa chake hakionekani. Mchanga ndio tanki lao. Pale sijarudi. Kwingine bado, watoto wanakula.

Mzakwe Road: Nyie mnaoishi mjini, maji ya bomba mengi yanatoka visima vya Makutupora hapa. Yanajazwa na mvua inayozama ardhini, na mvua yetu yenyewe ni ya Desemba mpaka Aprili basi. Tena semina za posho hazijanifundisha kitu. Nilipanda miche 40 mbele ya mgeni rasmi, hakuna aliyerudi kumwagilia, nikiwemo mimi.

Hombolo Kwetu: Asanteni. Mrejesho: mama watoto kakubali kuacha kufagia kuanzia nyuma ya choo hadi kwenye ua wa minyaa. Kasema tusubiri mvua, nyoka akiingia nitamtoa mwenyewe.