Leseni ya programu inaweza kulinda siri za wanachama wa SACCO?

fundi_busia:
Habari zenu wakubwa. Niko Busia, upande wa Uganda. Nimeandika programu ya SACCO yetu ya bodaboda: majina, namba za vitambulisho vya taifa, akiba, nani kakopa kiasi gani. Inakaa kwenye kompyuta moja ya ofisini, umeme ukikatika nayo imelala. Sasa SACCO nyingine tatu zinaitaka, kwa hiyo nataka kuipandisha kwenye wingu, yaani seva ya mtu mwingine mtandaoni, na kuachia msimbo (maandishi ya programu yenyewe) wazi, yeyote aweze kuwahudumia.

Hofu yangu: kabla ya hii tulikuwa tunalipia programu ya mtu mwingine. Mwanachama mmoja akapigiwa simu na mkopeshaji asiyemjua, akamtajia deni lake hadi shilingi ya mwisho. Simu iko spika, mke yuko pembeni, hajui lolote. (Kesi hiyo nyumbani kwao haijaisha hadi leo.) Nikiweka AGPL, moja ya leseni za msimbo wazi, mwenye seva atazuiwa kuchungulia?

dada_seva:
Hapana, mdogo wangu. AGPL toleo la 3, ya 2007, inamtaka aliyeibadilisha programu na kuiendesha mtandaoni awape watumiaji msimbo wake. Msimbo, si data. Anaweza kukupa kila mstari na bado akasoma daftari lenu usiku. Iko leseni nyingine, CAL, iliyokubaliwa mwaka 2020 na Open Source Initiative, shirika linaloidhinisha leseni za msimbo wazi: hiyo inamlazimisha ampe mtumiaji data zake. Itakufaa siku ya kuhama, lakini kupewa nakala yako hakumzuii yeye kusoma yake.

fundi_busia:
Basi niongeze kifungu changu: marufuku kuuza data za watu?

dada_seva:
Kwenye AGPL? Kifungu cha 7 kinamruhusu anayeipokea kuliondoa sharti kama hilo. Tena leseni ni kati yako na mwenye seva, yule wa bodaboda hayumo. Yeye analindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Andikeni mkataba na mwenye seva, na hakikisheni nyote mmesajiliwa na ofisi ya ulinzi wa data iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Seva ikiwa nje ya nchi, ama ulinzi wa huko usiwe chini ya wa kwetu, ama wanachama waridhie.

mzee_wa_waya:
Mimi ningefunga data kwa nywila ofisini kabla hazijapanda. Ufunguo, yaani hiyo nywila, akae nao katibu.

fundi_busia:
Mzee, katibu wetu mwezi huu kashapoteza funguo za mlango mara mbili.

mzee_wa_waya:
Basi nakala ya pili kwa mweka hazina, ndani ya bahasha iliyofungwa. Ufunguo ukipotea kabisa, hata wewe hutazifungua data.