Mhudumu wa wagonjwa nyumbani ana miaka 53, mgongo umechoka: aache au asubiri 55?

Mkoani_P: Assalamu alaykum. Naulizia wanaolea wazee majumbani kwa kuajiriwa na familia. Hapa Zanzibar umri wa kustaafu kwa hiari ni 55. Wa miaka 53 akiacha sasa anapata nini? Na akibaki, mgonjwa wa kilo 70 amnyanyue vipi?

Karani wa Chake: Wa alaykum salaam. Asiandike barua ya kuacha kwanza. Aende ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii Zanzibar, akaombe taarifa ya michango, aisome mwezi kwa mwezi. Hapo ndipo panapoharibika: mwajiri ni mtoto wa mgonjwa, analipa mkononi, hajasajiliwa, basi mfuko haumjui mhudumu hata akiwa na miaka 15 kazini. Aliyechangiwa na mwili ukashindwa kazi, mafao ya ulemavu ni njia mbali na ya umri, lakini yanapitia bodi ya madaktari. Ahifadhi kila karatasi ya hospitali: picha za mgongo, dawa, siku alizopumzishwa. Asiyechangiwa ana mpango wa kuchangia mwenyewe kwa hiari, ila akiba ya miaka miwili ni ndogo, tusimdanganye. Pensheni jamii ya serikali, iliyoanza Aprili 2016, wakati huo kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, ni ya waliotimiza 70. Toka 53 hadi 70 ni miaka 17. Inauma.

Mama Huduma: Kilo 70 hazinyanyuliwi, ndugu yangu, zinatelezeshwa. Kikomo kinachopendekezwa Marekani kwa kumnyanyua mgonjwa kwa mikono ni kilo 16 tu, tena mgonjwa awe mtulivu. Kwanza kitanda: kikiwa cha chini, mhudumu anainama kutwa. Viwekwe vigogo chini ya miguu yote minne, vichongwe kishimo mguu usitoke, godoro lifike usawa wa nyonga. Shuka ikunjwe mara mbili, itandikwe toka mabegani hadi katikati ya mapaja, chini yake nailoni laini. Watu wawili, mmoja kila upande, waviringe pindo hadi ngumi ziguse mwili wa mgonjwa; mguu mmoja mbele, magoti yalegee, wavute kwa uzito wa mwili. Nailoni itolewe papo hapo, isije ikamtelezesha mgonjwa au kumtoa jasho likaleta vidonda. Msimshike makwapani: bega lake huteguka, na mgongo wako umeshajipinda. Kumgeuza kila saa 2 ni mara 12 kwa siku. Mtu mmoja hawezi.

Mkoani_P: Na familia ikisema haina mtu wa pili?

Karani wa Chake: Basi mkataba uandikwe: saa, siku ya mapumziko, nani anageuza usiku, michango. Wakikataa, Kamisheni ya Kazi, na aende na daftari la tarehe alizolipwa.